Kumbi Lisilo na Kungwi

Ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu. Ni siku mdogo wangu Rashidi aliporudishwa kutoka chuoni, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha basi, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya gunia la makopa ya muhogo la abiria mwingine. Mimi nilikuwa nimeolewa huku mjini, Chikongola, nikatumiwa salamu niende stendi nikampokee. Nilipoingia ndani ya basi akaniangalia, kisha akageuza uso dirishani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na utingo akanifokea nishuke maana basi linataka kugeuza.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja hapa kwangu Chuno macho yamekuvimba. Ukaniambia kaka yako yuko hospitali, ameumizwa na wenzake chuoni, na baba yenu anataka yaishe nyumbani. Jana sikukujibu. Nilikuwa nimechoka, na jambo hili kila nikilikumbuka huchoka zaidi. Leo kaa. Chai imo kwenye chupa, jimiminie mwenyewe, magoti yangu hayataki kuinuka.

Sisi kwetu ni kule karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, ng'ambo ya mto Mreno bado anapigana na watu, na mama yetu ana ndugu huko ambao hajui kama wazima. Baba alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa swala, mtu wa maneno machache. Rashidi alikuwa wa kwanza kijijini kwetu kwenda chuo cha ufundi. Chuo chenyewe sikitaji jina, kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Alipoondoka, watu walimsindikiza mpaka barabarani kwa vigelegele, na mama akampa shuka lake jipya.

Mwalimu aliyemleta alisema kaanguka mpirani. Alisema hivyo kwa upole kabisa, kofia mkononi. Nikamshukuru mie, nikampa na maji ya kunywa. Loh! Nikikumbuka yale maji!

Kesho yake, nikimkanda kwa maji ya moto, Rashidi akaniambia, "Dada, mimi sikucheza mpira." Akanieleza. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa na mchezo wao wa kuwapokea wageni. Wenyewe waliuita mapokezi. Wageni waliamshwa usiku, wakavuliwa mashati, wakachuchumaa juu ya matofali, wakanyweshwa maji ya chumvi. Halafu kiranja wa bweni akawapandisha mmoja mmoja juu ya tangi la maji na kuwaamuru waruke, na chini ni sakafu ya saruji. Rashidi alisema hawezi. Kiranja akamsukuma. Na mwalimu wa zamu taa ilikuwa inawaka chumbani kwake, na dirisha liko wazi.

Tulimpeleka kijijini. Baada ya siku chache akaja mwalimu yule yule aliyemleta, pamoja na wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, wakapiga magoti mbele ya baba. Vijana wazuri, wameoga, wanasema "shikamoo" mpaka kwa watoto. Wakasema ilikuwa desturi ya chuo, na wao walifanyiwa hivyo hivyo, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Baba akawasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi hilo ni jando lenu. Mambo ya kumbi hayatoki nje ya kumbi. Nimesamehe."

Sijui kama nyinyi wa siku hizi mnaelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu mvulana alikwenda kumbini na wenzake, akakaa huko mpaka jeraha likapona, akafundishwa, akachapwa, akatishwa, na alipotoka hakusimulia. Mwanamke haulizi. Kwa hiyo baba aliposema lile neno jando, mama alifungwa mdomo pale pale. Alikuwa ameshika sahani ya wali wa wageni. Akaiweka chini, akaenda zake jikoni. Na Rashidi mwenyewe alikuwa amelala chumba cha pili, mlango uko wazi, anasikia kila kitu.

Miezi ikapita. Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi, na nyonga ikawa inamuuma kila anapogeuka. Chuoni hakurudi. Alikuwa anakaa barazani anachonga vijiti, akimaliza kimoja anakitupa anaanza kingine. Watu walimpitia, "Ee Rashidi, u hali gani?" naye hujibu, "Njema," basi. Mimi nilikuwa nikija kuwatazama narudi mjini kichwa kinaniuma. Nilimwambia baba twende polisi. Akaniambia mwanamke usiingie mambo ya wanaume, na mimi neno langu nimeshalitoa.

Ndipo akaja Mzee Chilumba. Huyu ndiye aliyekuwa kungwi wa Rashidi alipotahiriwa, yaani yule mtu mzima anayekabidhiwa mtoto kumbini, anamwosha, anamlisha, analala karibu naye. Alikuwa kahamia upande wa Newala, akasikia mtoto wake kaumia, akaja. Hakukaa hata kwenye mkeka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Rashidi, akaushika ule mguu, akaupapasa kuanzia nyonga mpaka kifundo. Akamwuliza nini kimempata, na Rashidi akamwambia yote, mbele yetu sisi wanawake.

Mzee Chilumba akamgeukia baba. "Kungwi wake huko chuoni alikuwa nani?"

Baba akasema, "Kungwi wa wapi? Ile ni shule."

"Umesema jando. Mimi nakuuliza kungwi. Ulipomleta kumbini ulinikabidhi mimi, mkono kwa mkono. Angekufa mle ndani, ungekuja kwangu. Angetoka kilema, ningesimama mbele ya ukoo wako nikajibu. Sisi tulinyamaza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kujibu! Huko nani kajibu? Wamekuletea watoto wawili wakapiga magoti, yule mwenye dirisha wazi yuko wapi? Mwenye chuo yuko wapi?"

Baba akajikunyata. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba ameshasamehe.

"Umesamehe mguu wa nani?" Mzee Chilumba akamwuliza. "Wa kwako?"

Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimsemesha baba hivyo. Baba aliinuka, akaenda kuswali laasiri, na aliporudi akaniita. "Mpeleke," akasema. "Wewe unajua kusoma. Mpeleke kokote anakotakiwa kupelekwa."

Ndivyo nilivyoanza kutembea, mwanangu, na kutembea kule ndiko kulikonichosha mpaka leo. Polisi walitupokea vizuri, lakini askari wa zamu akaguna. "Dada, mngekuja wakati ule." Hospitali ya mkoa daktari akasema anaona mfupa ulivunjika na umeunga vibaya, ila siku ulipovunjika na ulivunjwaje, hilo sasa hawezi kuapa. Angemwona siku ile ya kwanza, na fomu ya polisi mkononi, angeandika kila alama. Alama za matofali zilikuwa zimeshafutika. Waliokuwa wageni pamoja na Rashidi walikuwa wametawanyika, mmoja Songea, mmoja jeshini, mmoja hajulikani. Ikabidi wapelelezi waanze kuwatafuta. Tukasubiri. Mimi nina mtoto mgongoni, Rashidi ana fimbo, tunakaa kwenye benchi la mahakama, tunaambiwa leo hakimu hayupo, njooni wiki ijayo.

Karani mmoja wa pale, mtu mwema, alituhurumia akatufafanulia. Alisema njia si moja. Ipo ya jinai, hiyo serikali ndiyo inayomshtaki aliyeumiza, na nyinyi mnakuwa mashahidi. Msamaha wa baba haumfungi mwendesha mashtaka, na hata ikidaiwa kwamba mtoto alikubali mchezo, kukubali kwa aliyezungukwa na watu kumi gizani si kukubali. Ipo na ya madai, hiyo mnashtaki wenyewe mlipwe fidia, matibabu na kazi aliyoikosa, na hapo si aliyesukuma peke yake, hata aliyekuwa na wajibu wa kuwalinda akakaa ndani na taa yake. Tena ipo ya kulalamika wizarani, ambayo haihitaji hata wakili. Nikamwuliza tufuate ipi. Akasema hakuna aliyewakataza kufuata zote. Ile ya madai ina muda wake kisheria, ukipita mlango unafungwa, na chuo kikiwa cha serikali wakati ule ulitakiwa kuomba kibali kwanza kabla ya kukishtaki.

Tuliomba kibali. Nakwambia tuliomba. Tulijibiwa tusubiri. Tukasubiri mpaka ikaja amri ya vijiji vya ujamaa, wazazi wakahamishiwa kijiji kingine pamoja na watu wote, mikorosho ya baba ikabaki porini, na majibu hayakuja. Muda ukapita. Fidia ya chuo hatukuipata. Wizara ilimhamisha yule mwalimu wa zamu akafundishe kwingine, ndio basi. Nilikasirika mimi! Nilikasirika mpaka maziwa yakanikauka, mtoto akalia kutwa.

Ile ya jinai ndiyo iliyofika mwisho. Yule wa Songea alipatikana, akapanda basi kwa hiari yake, akaja akasema alichokiona. Kiranja akaletwa. Alikuwa ameshakuwa fundi mwenye mke, kanenepa kidogo, hata kutuangalia hawezi. Akakana, kisha yule wa Songea aliposema, akainamisha kichwa.

Sasa sikia hili, ndilo ninalotaka uondoke nalo. Hakimu kabla ya hukumu alimgeukia Rashidi. Akamwuliza, "Kijana, wewe mwenyewe unataka nini?"

Rashidi akawa anaitazama fimbo yake. Mimi nikadhani hakusikia, nikamgusa bega. Akanitoa mkono. Akasema, "Mheshimiwa, tangu niumie, hilo swali sijaulizwa na mtu. Baba hakuniuliza. Dada hakuniuliza. Waliokuja kuomba radhi waliiomba sebuleni, mimi niko chumbani. Nataka huyu anigeukie mimi, aseme alinifanya nini, kwa jina langu."

Baba alikuwa amekaa nyuma yetu. Nilimsikia akivuta pumzi, nikaogopa kugeuka.

Kiranja akageuka. Halafu akasema, "Rashidi, nilikusukuma. Uliniomba nisikusukume, nikakusukuma." Akafungwa muda mfupi, si kama wengine walivyotaka. Tulipotoka nje baba alimshika Rashidi mkono kumteremsha ngazi, na pale ngazini, katikati ya watu, akamwomba radhi. Rashidi akasema, "Yamekwisha, baba." Hiyo ndiyo iliyokuwa suluhu, na ilitoka kwa mwenye mguu.

Mguu haukurudi. Alishona nguo kwenye baraza la duka hapo Chikongola mpaka uzeeni, cherehani ya mkono maana ya miguu hakuiweza. Allah amrehemu.

Basi mwanangu, nenda. Usinisubiri mimi nipate nguvu, sina tena. Nenda sasa hivi hospitali, mwulize kwanza kaka yako anataka nini, umwulize mkiwa wawili, na anyamaze kadiri anavyotaka kunyamaza. Asipotaka kwenda mbele, usimburute kama tulivyomburuta Rashidi kwenye kunyamaza. Akitaka, leo leo mpite polisi mchukue ile fomu, daktari aandike kila alama kabla haijafutika, mpige na picha kwa hizo simu zenu. Waliokuwa naye waandike walichokiona kabla chuo hakijafungwa wakatawanyika. Mtafuteni wakili, na kama hamna uwezo wapo wa msaada wa kisheria, ulizieni mahakamani, na la kwanza mumwulize muda wa madai unaisha lini. Mkuu wa chuo mwulizeni zamu ilikuwa ya nani, na jibu alitoe kwa maandishi. Wakija na mbuzi na magoti, wapeni maji, msiwape jibu. Mtu yeyote asiweke sahihi wala asipokee kitu kabla kaka yako na wakili wenu hawajasema.

Na baba yako usimtukane. Mwambie bibi wa Chuno anamsalimu, na anamwuliza kungwi wa kijana wake huko chuoni alikuwa nani. Ataelewa. Wanaume wa huku wanaelewa hilo.

Funga vizuri kanga, jua limekuwa kali. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaobisha, akupe miguu ya kwenda na kurudi, amponye kaka yako mwili na moyo, na asikuache uzeeke na jambo hili kama nilivyozeeka nalo mimi. Haya, kikombe kiache hapo hapo, nitakiosha. Wewe nenda.