Santuri Upande wa Ami

Siku niliyoingia nyumbani na santuri tatu kwapani naikumbuka vyema, mwanangu, maana nilijiona mtu mbele ya watu! Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Malindi. Nilikuwa nikimshonea nguo bibi mmoja wa Kizungu, naye alipofunga nyumba yake arudi kwao akanipa santuri za muziki wa klasiki, fidla tupu, hakuna anayeimba. Nikazipenda kabla sijazisikia. Nikazifuta vumbi, nikazisimamisha kabatini, nikawa namuuliza kila Mzungu anayehama kama anazo nyengine. Kabati likajaa. Na cha kuzipigia sina!

Sasa nikwambie. Babu alipofariki, baba na ami yangu, ndugu wa tumbo moja, waligombana wakati wa kugawana nyumba. Wakajenga ukuta katikati, wakanyamaziana hata siku ya Idi. Sanduku la babu la kupigia santuri likaangukia upande wa Ami. Mimi nikiwapenda wote wawili, na jambo lile lilinikata maini.

Nikajitia ujasiri, nikamuomba baba ruhusa niende kwa Ami na santuri zangu. Akanitazama weee, kisha akasema, "Nenda. Lakini salamu usipeleke wala usilete."

Ami alinipokea kwa furaha, masikini, alikuwa mpweke. Nikaweka santuri ya kwanza. Haijafika kati, nataka kuitoa niweke nyengine. Akanizuia mkono. "We mtoto, wakimbilia wapi? Hii hujaisikia bado. Hizo nyengine zirudishe kabatini, uje na hii moja mpaka uijue."

Nilinuna, siwezi kukuficha. Lakini tuliisikiliza ile ile kila alasiri, na kila alasiri nikapata kitu ambacho jana kilinipita: sauti moja nene, chini kabisa, ikilalamika peke yake.

Ule ukuta haukufika darini, muziki ukapita juu hadi kwetu. Mama akaninong'oneza kwamba baba amehamisha kiti chake, siku hizi akaa karibu na ukuta, na akiulizwa asema pale pana upepo. Upepo gani, ukutani! Tulicheka sana jikoni, mimi na mama.

Alasiri moja Ami alisinzia kitini, na mimi nilikuwa nimezama kwenye mawazo yangu. Upande wa kwanza ukaisha, sindano ikawa yakwaruza tu. Mara sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta: "Nyie! Imekwisha hiyo! Hampindui?"

Ami akafumbua macho. Miaka yote ile ndugu yake hajamsemesha. Akaketi wima, akajifanya mkali. "Kama una haraka, njoo upindue mwenyewe!"

Nikasema moyoni, basi, ameharibu. Kisha nikasikia mlango wetu ukifunguliwa, na makubadhi, na baba huyo, amesimama mlangoni kwa Ami, kofia mkononi. Hakuna aliyeomba radhi. Aliinua sindano, akaipindua santuri, akakaa. Ami akaniagiza kahawa, nikaenda nikalia huko huko jikoni kwa furaha.

Nasikia, mwanangu, na wewe umeanza kukusanya santuri, wazipiga picha kwa simu watu wakusifu. Sikukatazi. Ila wacha pupa. Chukua moja, isikilize hata uizoee, ndipo utafute ya pili. Usizilaze, zisimamishe, joto la huku huzikunja. Wala usijifungie nazo chumbani. Mwite mtu, hasa yule mliyenuniana naye, mkae pamoja mpaka upande uishe. Mola akupe subira ya kusikiliza, aijaze watu nyumba yako, na ndugu zako akupatanishe nao mkiwa hai. Amina.