Siku Mzee Macharia Alipomwita Wangechi Maitu

Wangechi hushona sare za shule pale Gitothua, na si mtu wa maneno mengi. Mimi ni muuguzi, na mdomo wangu unajulikana wadi nzima. Ndiyo maana haya yalitokea.

Alimleta baba yake, Mzee Macharia, miaka sabini na tisa, akikohoa na homa imempanda. Nimonia. Kwa wazee, daktari hujumlisha alama: umri, kasi ya pumzi, presha, vipimo vya damu, na kama akili imechanganyikiwa. Ukipata moja, unapewa dawa uende nyumbani. Mbili, unalazwa. Umri ulishampa Mzee moja. Vipimo vingine vilikuwa sawa. Ikabaki akili.

"Mzee, huyu ni nani?" Daktari Boaz akauliza, akimwonyesha Wangechi.

"Huyu? Huyu ni maitu. Mama yangu."

Daktari akaandika kwamba amechanganyikiwa. Nikaangua kicheko. "Wee daktari, futa hiyo! Huku kwetu Ukikuyuni, msichana akipewa jina la nyanya mzaa baba, baba yake humwita mama. Huyu mzee ana akili kukushinda."

Akacheka pia, akafuta, akaanza kuandika dawa za nyumbani.

Wangechi alikuwa ameshika mkono wa baba yake, machozi yanamtoka. "Sasa unalia nini na mnaenda nyumbani?" nikamuuliza.

"Sista, maitu wake ni Mumbi, dada yangu mkubwa. Yeye ndiye mwenye jina la nyanya. Mimi nilipewa jina la upande wa mama. Hajawahi kuniita hivyo, hata siku moja."

Ngai! Na kiherehere changu, sikuwa nimemuuliza hata kama ana jina la nyanya huyo. Wanasema mdomo uliponza kichwa, lakini hapa kichwa kilikuwa cha mzee wa watu.

"Daktari, rudisha hiyo alama! Nimekosea mimi."

Mzee akalazwa. Kufikia jioni alikuwa kwenye oksijeni, na mimi sikuweza hata kunywa chai.

"Mbona hukusema mara moja?" nikamuuliza Wangechi polepole.

Akainamisha kichwa. "Tangu utotoni nimemwonea Mumbi wivu kwa hilo jina. Nilitaka nilisikie kidogo tu, Sista. Karibu nimuue baba."

Siku ya nne Mzee akafungua macho, akamwangalia kwa muda mrefu. "Wangechi," akasema, "umekula kweli?"

Wangechi akalia kwa sauti, wadi nzima ikamsikia. "Ananijua," akasema. "Asante Mungu, baba ananijua."