Mechi ya Siku Nne Bustanini Forest

Jamani, leo nimeumbuliwa na shujaa wangu mwenyewe.

Wiki nzima nimegombana na nahodha wetu wa kriketi, Juma.

Nilimwambia: Prakash, muuza mchele wa mtaa wa Saint-Josse hapa mjini, alichezea jimbo lake India miaka tisa. Hakuitwa timu ya taifa kwa sababu macho ya wateuzi yanaishia Bombay na Delhi.

"Na wewe ni kipofu kama wao? Asipocheza, najitoa!"

Juma akasalimu amri.

Leo, kwenye bustani ya Forest, tulihitaji alama mia moja kwa ova thelathini, kila ova mipira sita, mchezo wa alasiri moja tu. Prakash akaingia wa kwanza kupiga.

Akazuia mpira. Akazuia tena. Alizuia kwa ustadi mkubwa, nakiri.

Ova kumi zikapita, alama tisa.

"Mzee, piga!" Juma akafoka.

Prakash akamjibu kwa Kiswahili cha wateja wake Wakongo:

"Doucement, papa, polepole. Mpira iko mupya."

Ova zikaisha. Tumefungwa vibaya, yeye hajatolewa.

Akaja kwangu anang'aa, glavu mkononi.

"Kesho tunaendelea saa ngapi?"

Kumbe mechi za majimbo kwao ni siku nne.

Bado nasema wateuzi walimdhulumu. Mnaobisha, jitokezeni. Ila Juma asionyeshwe hii.