Gesi ya Baridi

Mtaa mzima ulimwita Baridi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa majokofu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, ndani kumejaa friji zilizogeuzwa kutazama ukuta kama watoto waliopewa adhabu, na harufu ya mafuta ya kompresa ambayo mkewe alishakata tamaa ya kuitoa kwenye mashati. Miaka ya nyuma alishinda akipiga miayo. Joto lilipozidi, akakosa nafasi hata ya kujikuna.

Kazi aliifanya kama alivyofundishwa. Friji ikija imechoka, kwanza alikata mrija na kuiacha ipumue: gesi ya zamani inatoka fyuuu, inapotelea hewani, kisha anajaza mpya. Mafundi wote walifanya hivyo. Halafu akaitwa kwenye semina. Mkufunzi akawaambia kwamba gesi ile ikishatoka inapanda juu, na kidogo chake tu kinashika joto kuliko moshi mwingi. Inatakiwa inyonywe kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi. Baridi alisikia vizuri. Akarudi karakana, mashine hana, mteja anasubiri mlangoni. Akakata mrija.

Mwaka ule mvua hazikuonekana, na jua likamwangusha bibi mmoja kwenye foleni ya maji. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao katika darasa la shule. Kila mtu alikuja na mchawi wake: huyu mnara wa simu, yule dhambi za vijana, mwingine viwanda vya nchi za watu. Maneno yakazunguka weee, mwisho yakatua kwa mtu aliyekuwa karibu: mwanamke aliyeuza mkaa kwenye kona ya barabara. Miti inaisha kwa ajili yake, walisema. Aondoke pale.

Mwanamke huyo alikuwa shemeji yake Baridi, mjane wa kaka yake. Kona ile ndiyo iliyowalisha watoto tangu baba yao azikwe. Alikuwa amekaa dawati la nyuma, viganja vyeusi mapajani, wala hakubisha. Miti ilikuwa inakatwa kweli, na alijua hilo kuliko wote.

Baridi akasimama. Hakuzoea kusema mbele za watu.

"Jamani, kama tunamtoa shemeji kwa sababu ya joto, basi na mimi nitoeni. Gesi ninayoiachia kila siku inaongeza joto. Tuliambiwa kwenye semina."

Kinyozi, jirani yake wa karakana, akamkazia macho. "Gesi ipi? Hiyo inayogandisha barafu?"

"Hiyohiyo."

"Yaani gesi ya baridi ndiyo inaleta joto?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti alifuta machozi. "Fundi, uchungu wa ndugu tunauelewa," alisema, "ila usitufanye watoto."

Baridi alijaribu kueleza, maneno yakamponyoka. Alikuwa ameyaelewa kiasi cha kuogopa tu, si kiasi cha kumfundisha mtu. Mikono ikanyooshwa, na shemeji akapewa hadi Jumamosi. Uamuzi wenyewe haukuwa wa kijinga moja kwa moja, na hapo ndipo ulipomuuma Baridi zaidi.

Jumamosi alikwenda kumsaidia kubeba magunia.

"Ahsante kwa kunitetea, shemeji," mwanamke akasema.

"Sikuwa nakutetea. Nilisema kweli."

"Najua. Mle ndani niliyekuamini ni mimi peke yangu." Akafunga gunia kwa kamba, akakaza. "Haya, mimi nimeondoka. Wewe kesho unafungua?"

Baridi akainua gunia, akalitupia begani ili asimtazame usoni. Alijua atafungua, saa moja asubuhi, kama kawaida.