Prosesa Iliyopakwa Udongo wa Mama

Sisi tuliokulia Kyela wakati kompyuta bado inafunikwa kitambaa cha kufuma tunajuana. Chumba chenye kompyuta kilikuwa na masharti kuliko kanisa: unavua viatu, unanawa mikono, unakaa mbali, na ukitaka kukohoa unageukia dirishani. Tulikuwa tukitoka shambani kunyonya kokoa mbichi, vidole vinanata kwa ule utamu wake mweupe, halafu tunasimama mlangoni mwa duka la baba la steshenari kulitazama lile boksi la kijivu bila kuthubutu kuingia. Wanangu leo wanakula chipsi juu ya laptopu. Nikiwakemea wananiuliza, kwani kuna nini?

Ilikuwa kompyuta ya mezani, ya bei ya chini, na prosesa yake, yaani ubongo wake, haikuwa na haraka na maisha. Ulifungua faili, ukaenda bombani, ukajaza ndoo, ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Baba aliipenda hivyo hivyo, maana barua nyingi za kuomba kazi pale mjini zilichapwa kwake. Lakini aliyeijua hasa ni dada yangu Tusekile. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yakamkataa, naye akahamia dukani na kuanza kufungua kila kitu chenye skrubu. Mimi nilikuwa mdogo wake wa kike, mkia wake kila aendako. Nilimwona ni mtu wa ajabu, na hadi leo sijabadili mawazo.

Mwaka mmoja kwaya ya mama ilirekodi video ufukweni, akina mama na sare zao za kitenge, maji ya Ziwa Nyasa nyuma yao. Tusekile akaahidi kwamba ataihariri na itakuwa tayari kwa uzinduzi wa Jumapili. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kila alipoiambia mashine itoe video nzima, ilitambaa kutwa, na kabla haijamaliza umeme unakatika. Kesho yake anaanza upya. Baba akachoka.

"Jumapili ikifika bila video, hii mashine naiuza," alisema. "Na wewe Tuse unakwenda Ipyana kwa shangazi yako ukajifunze cherehani. Nimemaliza."

Tusekile hakuwa na ugomvi na cherehani. Ila niliona jinsi alivyolitazama lile boksi, na roho iliniuma.

Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba prosesa ile, pamoja na unyonge wake, inaruhusu kukimbizwa kuliko mwendo iliopangiwa kiwandani. Unaingia kwenye mipangilio yake ya ndani kabla mashine haijaamka vizuri, unaongeza mwendo, basi. Tatizo ni joto, na joto la Kyela hamhitaji mimi niwasimulie. Kati ya prosesa na chuma kinachoipoza huwa kuna pesti ya kupitisha joto. Alipofungua, ya kwetu ilikuwa imekauka ikawa unga.

Sasa mama yetu ni Mkisi wa kule ufukweni, mfinyanzi wa vyungu, na nyuma ya nyumba hapakukosa udongo wake laini, umefunikwa gunia bichi. Dada akautazama udongo, akaitazama prosesa. Akachota kidogo, akaulainisha kwa maji na kuupaka juu yake kwa uangalifu mkubwa. Kosa la namna hii mtu wa Arusha hawezi kulifanya hata umlipe, maana hana udongo wa Mkisi nyuma ya nyumba. Kisha akaongeza mwendo wote aliousoma, kwa mkupuo mmoja.

Jamani, ile mashine ilikimbia! Tulishikana mikono tukarukaruka. Lakini kadiri ilivyochemka udongo ulikauka, ukapasuka, na skrini ikazimika mbele yetu. Tusekile akakaa sakafuni.

Nikamwita mama. Alichungulia ndani ya boksi, akauona udongo wake, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mwe! Udongo mbichi unaupa moto wote mara moja? Hata chungu kingekupasukia, mwanangu. Anza na nyasi."

Wote tulijua maana yake, kwa kuwa tumekua tukimwona akichoma vyungu. Kila mara alianza na moto wa nyasi, akangoja. Akaongeza vijiti, akapima joto kwa mgongo wa mkono, akangoja tena. Kuni zilikuja mwisho.

Tusekile akainuka. Alisafisha prosesa kwa spiriti mpaka ikang'aa, akaenda stendi kwa fundi wa kompyuta na kurudi na pesti yenyewe. Akawasha, nayo ikaamka, nilitoa machozi. Akaondoa kile kitambaa cha kufuma, akafungua ubavu wa boksi na kulielekezea feni. Safari hii aliongeza mwendo kidogo, akaifanyisha mashine kazi, akaweka mgongo wa mkono kwenye ubavu wake, akangoja. Akaongeza tena. Ikatokea skrini ya bluu, ile ya mashine kukiri imeshindwa. Hakushtuka, akarudi hatua moja nyuma. "Hapa kuni zimetosha," akasema.

Jumamosi akina mama wa kwaya walijaa kwenye mabenchi ya duka wakitazama ule mstari wa kwenye skrini unaoonyesha kazi imefika wapi ukijaa, na hakuna aliyethubutu kwenda hata kunywa maji. Mstari ukajaa. Vigelegele vikapigwa mpaka watu wakatoka maduka ya jirani. Umeme wenyewe siku hiyo haukukatika kabisa, hata jioni.

Baba alikikunja kile kitambaa akampa mama. "Kafunikie mtungi," alisema. Kisha akamgeukia dada: "Cherehani itasubiri."

"Ndaga fijo, baba," Tusekile akamshukuru kwa Kinyakyusa, huku akilia.

Itasubiri hadi lini sijui, maana leo duka ni lake. Vijana wanamletea simu zilizogandishwa kwa gundi, hazina hata skrubu moja, na ikichelewa kidogo wanataka nyingine. Siwalaumu sana. Vitu vyao vina kasi, na hakuna aliyewahi kuwaambia waanze na nyasi. Ila nawaonea huruma, kwa sababu hawatajua furaha ya kitu kinyonge kilichokimbia kwa mikono yako.

Desemba iliyopita nilikwenda na mwanangu kumsalimia dada. Lile boksi bado lipo pembeni, ubavu wazi. Mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, aliingia, akaliendea moja kwa moja na kuliwekea mgongo wa mkono.

"Bibi, hiyo ilishakufa zamani," mwanangu akamwambia.

"Najua," mama akasema, na mkono hakuuondoa.