Tulivyowaimbia Ndege

Juzi nilipita kwa pikipiki njia ya Gatumba, nikamwomba dereva asimame mahali palipokuwa kijiji chetu. Akaniuliza nimepoteza nini. Pamejaa nyumba za matofali na kituo cha mafuta. Mpunga sikuuona.

Sikuhuzunika sana, nikuambie ukweli. Kilikuwa kijiji cha kawaida: vibanda vichache, majaruba ya mpunga, mbu wa kutosha. Tulikula bugali baridi na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokauka mpaka wakachoma ufizi, na harufu ya tope ilitufuata hadi kanisani. Mpunga ukianza kutia maziwa, kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Tulijipanga kutoka mfereji hadi kwenye matete, tukapiga makopo na mayowe mpaka sauti zikatukauka. Wakati huo hakuna aliyeuliza shamba la nani. Bibi yangu alikuwa akisema ndege hana jembe, lakini anavuna kukushinda.

Kisha vita vikashuka kutoka milimani. Wanajeshi wakaweka kambi karibu na daraja, wakatoa amri: hakuna makopo, hakuna mayowe, watoto wasikusanyike, maana haijulikani nani anampa nani ishara. Kila nyumba ikae kwenye shamba lake. Ndege waliielewa amri ile haraka kuliko sisi.

Na msimu ule mpunga ndio uliokuwa kila kitu. Mwenye kuvuna angebaki kwake. Asiyevuna angekwenda kambi ya waliohamishwa, kupanga foleni ya maharage. Bibi akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kwa mkubwa wa wale wanajeshi.

"Shefu," akamwuliza kwa upole, "na kuomba Mungu munakataza?"

Akajibiwa hapana. Kesho yake tukasimama katikati ya shamba, wasichana watatu, yaani mimi na wadogo zangu wawili, tukaimba nyimbo za kanisa kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Tuliimba za Krismasi, za Pasaka, hata za mazishi. Za mazishi ndege hawakuzipenda kabisa.

Wakaruka, wakahamia kwa jirani. Alikuwa mama mjane, wanawe wamevuka mpaka kwenda Uvira, naye alilala ndani siku nzima kwa ugonjwa wa kifua. Bibi akaniagiza mimi, mkubwa, nikaimbe kwenye shamba lake. Nilikwenda siku mbili. Shamba lile lilipakana na matete, na siku ya pili niliona mtutu wa bunduki ukitoka humo, kisha ukarudi ndani polepole. Siku ya tatu nilijificha kwenye migomba mpaka mchana, nikarudi nyumbani nikasema nimeimba. Nikafanya hivyo hadi mavuno. Nilikuwa na miaka tisa, na sisemi hivyo ili kujitetea.

Sisi tulivuna. Mpunga wa jirani ulisimama wima, masuke hayakuinama hata kidogo, kwa sababu ndani hamkuwa na kitu.

Asubuhi ya kuondoka kwenda kambini, yule mama alipitia kwetu na mkeka na sufuria yake. Bibi alimfungia mchele kwenye kitambaa, wakalia kidogo, wakaacha. Kisha yule mama akaniita. Nikajua amekwisha kujua. Akaniwekea mkono kichwani.

"Mutoto wangu, aksanti. Kila siku nilikuwa nakusikia unaimba. Mi nilikuwa nalala muzuri, najua mupunga yangu iko na mutu."

Sauti alizozisikia zilikuwa za wadogo zangu, kutoka shambani kwetu. Nilifungua kinywa, nikasema, "Safari njema, mama." Akaondoka.

Hakurudi. Miaka mingi baadaye nilimwulizia Uvira, hakuna aliyemfahamu. Wenzangu tuliokua nao wakikutana hukumbuka mchele mpya, mvuke wake na ule utamu wake wa siku ya kwanza. Mimi pia naukumbuka, maana niliula. Ninachokikosa ni yule mama, nimwambie shambani kwake hapakuwa na mtu.