Kisiki Kwenye Ndoo ya Rangi

Tarehe tisa Juni 1998 mume wangu alifariki katika chumba chetu cha uani, Sydenham, Durban. Alikuwa na uvimbe tumboni. Bangi ilikuwa imetuishia katikati ya Mei, na bila bangi hakuweza kula.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwetu Mbinga bangi ni ya wahuni, na mama mkwe hajui mpaka leo. Lakini mwanawe alikuwa akitapika hata maji. Akivuta kidogo, baadaye anaomba uji, na uji unakaa. Haikumponya. Ilimpa uji tu.

Mbegu alitupa jirani tuliyekaa naye ua mmoja, Mkongo aliyekuwa akinyoa watu mjini. Mume wangu akaotesha mche mmoja kwenye ndoo ya rangi, nyuma ya chumba, ambako mwenye nyumba hakuwa akipita. Ukuta ulikuwa mfupi. Mche ungepita ukuta, mtaa mzima ungeuona.

Yeye alikulia kwenye kahawa. Mche ulipofika magotini akaikata ncha yake, yakatoka machipukizi mawili, nayo akayakata ncha. Matawi akayalaza kidogo kidogo, akiyafunga kwa vitambaa vya kanga yangu kuukuu kwenye matundu aliyotoboa ukingoni mwa ndoo. Majani ya chini yaliyokosa jua aliyanyofoa. Kila asubuhi aliketi juu ya kreti, akilegeza fundo hapa, akikaza pale, na hapo hakulitaja tumbo. Mche ukatanuka kama meza.

Mkongo alimtania kwamba amenyoa vichwa vingi lakini hajawahi kuona mtu anayesuka bangi. Mume wangu akamjibu kuwa ninyi mnajua kuvuta, sisi tunalima.

Aprili maua ya juu yalikomaa. Ya chini yalikuwa bado madogo, mabichi. Tulipovuna yale ya juu, mume wangu akachukua msumeno. Mkongo, ambaye alizoea kumwita yaya, yaani kaka mkubwa kwa kwao, akamshika mkono.

"Acha ile ya chini, yaya. Ngojea, itanona."

"Nikiiacha itanyonya kisiki. Kahawa ikichoka unaikata chini, inachipua upya."

"Hii haiko kahawa. Inazaa mara moja, inakufa."

"Wewe nyoa watu," mume wangu akasema. "Mwaka kesho utakuja kuniomba."

Mkongo akanitazama mimi. Sikujua chochote kuhusu mmea ule. Nilijua tu kwamba tangu turudi kutoka hospitali mume wangu hakuwa ametamka mwaka kesho. Nikaishika ndoo isitikisike.

Aliukata mche, akabakiza shibiri moja, kwa mshazari, ili maji ya mvua yateremke. Yale maua mabichi akayatupa.

Tuliyokausha tuliyatumia kidogo kidogo mpaka yakaisha. Mkongo alituletea kidogo kutoka kwa mtu wake, kisha mtu huyo akakamatwa. Uji ukaanza kurudi tena. Kila asubuhi mume wangu aliniomba nimtoe nje akione kisiki. Hakikuchipua. Alisema ni baridi, kahawa nayo husubiri mvua. Aliposhindwa kutoka, akawa ananiuliza kutoka kitandani. Nilimwambia bado. Gome lilikuwa limeanza kusinyaa, nami nikamwambia bado.

Tulimzika hukuhuku Durban, kwa kuwa hatukuweza kumrudisha kwao. Mama yake aliuliza kwenye simu kama siku za mwisho alikuwa anakula. Nikamwambia hapana.

Baada ya mazishi Mkongo alitaka kuitupa ile ndoo. Nilimwambia aniachie. Nilipokivuta kisiki kilitoka bila nguvu, mizizi imeoza. Vitambaa vilikuwa bado vimefungwa ukingoni. Mafundo yake yalikuwa magumu. Nikayafungua kwa meno, nikavifua vile vitambaa, nikavianika ukutani.